Siku Tuliyowasha Kila Kitu

Redioni walisema kwamba nchi inayotumia umeme mwingi ndiyo ambayo uchumi wake unakua. Aliyesema ni bwana mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeshiba, akataja na nchi za mbali ambako viwanda havilali. Shemeji yangu Mwajabu alikuwa barazani kwangu akisubiri simu yake ijae chaji. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Basi sisi tumedumaa, shemeji," akasema.

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mwajabu akisikia neno huondoka nalo, hulala nalo na kuamka nalo, wakati wewe uliyelisema ulishalisahau zamani. Marehemu kaka yangu Shaabani alikuwa akituambia kwamba alioa wawili kwa mahari moja, Mwajabu na wasiwasi wake.

Jina langu ni Mustapha. Natengeneza redio na simu hapa kijijini kwetu, upande wa Mbuchi, humu deltani ambamo boti ikikosa maji hukaa juu ya tope mpaka bahari iikumbuke. Nasema mapema kwamba simulizi hii ya shemeji yangu siitoi kwa kumwonea huruma. Mara nyingi ananiudhi. Lakini yaliyompata mwaka ule nayajua kwa sababu nilikuwepo, na kila nikisikia watu wakizungumzia umeme na maendeleo namwona yeye kwanza.

Shaabani alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga iliyoendeshwa na injini ya dizeli. Ilikuwa chakavu, inakohoa moshi mweusi, na dizeli yake ilikuja kwa boti kutoka Nyamisati, ikichelewa kijiji kizima kinamtazama yeye. Hata hivyo ikilia asubuhi, kila mtu alikuwa na lake la kufanya. Salima alibandika chai kando ya banda kwa ajili ya wanaosubiri zamu. Wenye kuku walikuja kuzoa pumba. Vijana wenye nguvu walibeba magunia mpaka bandarini. Mpunga uliondoka kijijini ukiwa mchele, na mchele una bei yake.

Palikuwa na desturi pale bandani. Aliyefiwa hakupanga foleni. Mchele wa matanga ulikobolewa bure, na kila msimu mashine ilipofunguliwa, gunia la kwanza lilikuwa la mtu aliyefiwa tangu msimu uliopita. Shaabani alisimama mlangoni akaita kwa sauti: "Wa kwanza ni mwenye msiba!" Wengine wote walisubiri mpaka amalize. Mwaka aliokufa yeye, gunia la kwanza lilikuwa la Mwajabu, na aliyeita ni Mwajabu mwenyewe, amesimama palepale aliposimama mumewe. Tangu hapo mashine ikawa yake.

Kisha umeme ukaja. Nguzo zilivushwa kwenye vijito, watu wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Ulikuwa umeme wa njia moja, unaotosha taa na televisheni. Mashine ya kukoboa inataka njia tatu, nao unahitaji waya zaidi na transfoma kubwa. Bwana aliyekuja kuzindua tulimuuliza ni lini tutapata huo mkubwa. Akajibu, "Mkitumia huu, tutaongeza."

Neno hilo Mwajabu akaondoka nalo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameiuza injini ya marehemu kwa Haidari wa Ikwiriri, na boti iliyoipeleka ikarudi na mota ya umeme, mpya, ya rangi ya kijani. Niligombana naye mbele za watu. Nilimwambia mota ya njia tatu kwenye umeme wa njia moja ni pambo la sebuleni.

"Njia moja tunayo," akanijibu. "Zimebaki mbili."

Mota ikakaa bandani chini ya turubai msimu wa kwanza, ikakaa na wa pili. Kila Ijumaa Mwajabu aliifunua, akaifuta chumvi ya hewa ya hapa ambayo hula chuma, akauzungusha mhimili kwa mkono kuona kama haujakwama. Watu wakawa wanamtania njiani, "Mgonjwa ameamkaje?" Naye alijibu, "Anaendelea," lakini nilimwona akikonda. Madalali walikuja na boti zao wakanunua mpunga kwa bei waliyotaka, kwa kuwa nani atausafirisha mpaka Kibiti kuukoboa? Uliondoka mpunga, ukarudi mchele dukani kwa bei ambayo hata aliyeulima aliigunia. Salima akaacha kupika chai. Mume wa Bi Fatu alipofariki katika msimu huo wa pili, mchele wa matanga ulitwangwa kwenye kinu. Mwajabu alitwanga pamoja na wengine, hakumtazama mtu usoni.

Sasa ndipo zilipokuja habari za injinia. Mwenyekiti wetu Yassin alipigiwa simu kwamba Jumatano atafika injinia kutoka ofisi ya umeme, anapita kijiji hadi kijiji kuangalia matumizi. Kijiji kitakachoonekana kinautumia umeme kitaongezewa waya na transfoma awamu hii. Kisichotumia kitangoja awamu nyingine, na hiyo nyingine hakuna aliyejua mwaka wake.

Nilidhani shemeji yangu angefurahi. Alisimama katikati ya njia akageuka kulia na kushoto, na mimi nikageuka naye. Milango yote ilikuwa imefungwa. Alikuwepo mbuzi mmoja na sisi watatu, mimi, yeye na Yassin.

Ilikuwa ni msimu wa madungu. Kwetu mpunga ukianza kubeba, kijiji huhamia shambani, kila ukoo kwenye dungu lake, kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na huko watu hupika, huswali, hulala na kuzaa mpaka mavuno. Lazima wawe huko. Ndege wakiukuta mpunga hauna mtu wanaumaliza wakiwa wanaimba, na usiku kuna nguruwe na kiboko. Miezi hiyo nyumba za kijijini hufungwa, ila za wachache kama sisi tunaolindiwa mashamba na jamaa, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, hainunuliwi kwa sababu hakuna wa kuwashiwa taa.

"Atakuja kuona makufuli," Mwajabu akasema. "Ataandika hapa hakuna watu."

"Mweleze watu wako shamba."

"Shamba kuna waya?"

Mwajabu akaanza kutembea kuelekea bandarini. Akasema twende madunguni tukawaite. Nilimwambia hilo ni wazo la mtu asiyelala vizuri. Kesho yake nikawa nimeshika pondo, nasukuma mtumbwi, naye amekaa mbele, anavunja vidole vyake kimoja kimoja.

Mashambani kulikuwa na kelele kama sokoni. Juu ya kila dungu alisimama mtu anapiga debe au anarusha madonge ya tope kwa teo, na kundi la ndege likifukuzwa hapa linatua pale. Mwajabu alisimama ndani ya mtumbwi akaeleza shida yake dungu kwa dungu. Saadi, ambaye shamba lake ni kubwa kuliko mengine, alimsikiliza huku macho yakiwa juu.

"Shemeji, unanambia niache mpunga nikakuwashie televisheni?"

"Mtu mmoja kutoka kila dungu, baba. Mmoja tu, waliobaki wawinge ndege. Mnakuja na maji ya asubuhi, mnafungua nyumba, mnawasha kila mlicho nacho, injinia anaona, mnarudi kabla maji hayajakauka. Laini ya njia tatu ikija mchele utakuwa wetu."

Walinung'unika, wakamtania kuhusu mgonjwa wake, lakini walikubali. Kila mmoja alikuwa ameshaona dalali akipima mpunga wake kwa ndoo iliyotanuliwa ubavu ili imeze zaidi.

Dungu la mwisho lilikuwa la Bi Fatu. Alikuwa ametoka eda akaenda moja kwa moja kupanda, peke yake, kwa kuwa watoto hawakujaliwa. Alimsikiliza Mwajabu mpaka mwisho.

"Kwangu huyo mmoja wa kwenda ni mimi," akasema, "na huyo wa kubaki kuwinga ni mimi."

"Basi wewe baki, Bi Fatu. Sikulazimishi."

Bi Fatu akarusha donge moja, ndege wakaruka wakatua kwa jirani. "Mchele wa matanga ya mume wangu niliutwanga kwa mikono hii, Mwajabu. Nitakuja. Nyumbani nina taa na pasi aliyoninunulia marehemu. Ila unirudishe na maji ya asubuhi. Ndege wa mchana wanaanza na shamba lisilo na mtu."

"Utarudi na maji ya asubuhi," Mwajabu akasema. "Wallahi."

Nilimsikia akiapa, na moyo wangu haukupenda. Mambo ya deltani mtu huyasemea inshallah, hayaapii.

Jumatano walikuja. Walishuka kwenye mitumbwi wakiwa na matope miguuni, wakafungua makufuli yenye kutu, wakafukuza popo. Yassin alikuwa amenunua LUKU kwa wale waliokuwa hawana. Watu waliingiwa na mchezo kwa jinsi walivyovitoa vyombo. Sadallah alilitoa sabufa lake mpaka mlangoni. Salima alilifunua jiko la umeme alilozawadiwa kwenye harusi, lingali ndani ya boksi. Zikatoka friji, pasi, birika, na feni ambayo ilikuwa ikitumika kutagia kuku. Mwajabu alipita nyumba kwa nyumba akihakikisha kila kitu kimechomekwa lakini hakijawashwa. Yassin angegonga rimu ya gari ambayo ndiyo kengele ya shule boti ikionekana, hapo ndipo kila mtu abonyeze.

Injinia alisema angeondoka Nyamisati alfajiri. Asubuhi ilipanda, boti hatukuiona. Yassin akapiga simu, akaambiwa wako njiani. Maji yalianza kurudi baharini. Waliojua kazi zao walikwenda kutazama kijito, wakarudi wakitazamana. Bi Fatu alikwenda kwa Mwajabu akiwa ameshika kanga yake mkononi.

"Maji yanakwenda, mwanangu."

"Bado kidogo, Bi Fatu. Wamesema wako njiani. Nyumba yako ndiyo ya kwanza ukitoka bandarini, akikuta imefungwa..."

Bi Fatu akarudi akakaa kizingitini kwake. Baada ya muda akaja tena, na Mwajabu akamwambia tena bado kidogo. Mara ya tatu hakuja. Nilikwenda mwenyewe kutazama kijito nikakuta kimebaki tope tupu, kaa wanakimbizana na mitumbwi imelala ubavu. Aliyekuwa kijijini alikuwa wa kijijini mpaka maji ya alasiri. Injinia naye, tuliambiwa, boti yake ilikuwa imekwama mahali karibu tu, nyuma ya mikoko, tunakoweza kufika kwa sauti lakini si kwa miguu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Watu walikaa milangoni hawana la kufanya, na kila kundi la ndege lililopita juu kuelekea mashambani walilifuata kwa macho. Utani uliisha. Mwajabu hakukaa. Alikwenda bandarini akarudi, akalifunua turubai akalifunika, akaniuliza saa akaniuliza tena. Nilimwona anapita nyumba ya Bi Fatu kwa kuzungukia nyuma.

Maji yaliporudi tulisikia mashine ya boti. Yassin akagonga rimu kama mtu anayeita watu kuzima moto. Kijiji kikawaka. Taa mchana kweupe, televisheni, sabufa likatikisa mabati, feni, friji, pasi kumi na tano zisizo na nguo, na jiko la Salima likaanza kunuka upya wake. Kwa muda wa kupiga chafya tu, kijiji chetu kilikuwa Dar es Salaam. Mwajabu alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Kisha juu ya nguzo pakalia "pu!"

Moshi mdogo ukatoka kwenye transfoma. Sabufa likanyamaza katikati ya neno. Feni zikazunguka polepole mpaka zikasimama. Transfoma yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubeba taa za watu waliolala mapema, na sisi tulikuwa tumeitwisha kila kitu tulichonacho kwa mkupuo mmoja. Injinia alipanda ngazi za bandarini, viatu mkononi, akaingia katika kijiji kilicho kimya, kimejaa watu waliosimama milangoni kama waliokatazwa kusema.

Alikuwa binti wa umri wa mwanangu, jina lake Warda, tope limemfika magotini. "Shikamooni," akasema.

Yassin akawahi. "Marahaba, injinia. Bahati mbaya umeme ulikatika tangu jana. Kwa kawaida hapa..."

"Haukukatika jana," Mwajabu akasema.

Watu wakamgeukia. Saadi akamkonyeza, mimi nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"Umezimika sasa hivi, mwanangu. Tumeuzima sisi. Watu hawa hawaishi hapa miezi hii, wako madunguni wanawinga ndege. Mimi ndiye niliyewatoa huko ili uje uwaone wanatumia umeme. Ulikuwa mchezo wa kukuigizia. Ukitaka kuandika, niandike mimi, usiwaandike wao."

Warda aliitazama nguzo, akazitazama zile pasi. Nilitegemea acheke au akasirike. Alikaa kwenye kizingiti cha banda la mashine kwa sababu kilikuwa karibu, akajifuta tope.

"Kwenye mfumo wetu kijiji hiki kila mwaka kinazimika kwa miezi," akasema. "Tulidhani watu wamehama."

"Tumehamia kwenye mpunga."

"Ofisini tunaangalia matumizi, mama. Umeme ukitumika sana tunajua kuna kazi, kuna uzalishaji, watu wana kipato. Hapo ndipo tunapopeleka mwingi."

Mwajabu alilivuta turubai, mota ikaonekana, kijani, inang'aa kwa kufutwa. "Hii ni kazi. Imekaa misimu miwili inausubiri umeme, nao umeme unasubiri kazi. Unatoka kwenye mto wetu huuhuu, mwanangu. Maji yakishazungusha mitambo yenu huko juu, yanashuka kwetu kulisha mpunga. Mpaka lini tutakuwa tunasubiriana?"

Warda akainuka. Akauliza, "Huo mpunga uko wapi?"

Tuliingia kwenye boti yake, Mwajabu, mimi na Bi Fatu, na wengine wakafuata kwa mitumbwi. Bi Fatu alikaa mbele kabisa. Boti haijasimama sawasawa akaruka, maji yakamfika kiunoni, akaenda.

Warda alipanda kwenye dungu la Saadi akatazama. Mpunga ulikwenda mpaka ilipoanza mikoko, wa manjano, mzito, umeinama. Alishangaa waziwazi, akauliza ni wa watu gani, na Saadi akawa anamwonyesha mipaka kwa kidole. Kidole kilipofika upande wa mashariki, Saadi akakishusha.

Pale mpunga ulikuwa umesimama wima. Mpunga uliobeba hauwezi kusimama hivyo. Jirani walikuwa wamepiga madebe mchana kutwa, lakini ndege huzoea kelele za shamba la pili, na kila walipofukuzwa kwa wenye watu walikwenda kutua pasipo na mtu. Warda alishuka akatembea kwenye matope mpaka pale. Akashika suke moja akalifinya. Yalikuwa makapi.

"Hapa pamekuwaje?" akauliza.

Bi Fatu alikuwa ameinama, anaokota kilichoangukia kwenye tope. Hakuinuka.

"Nilikwenda kuwasha taa, mwanangu," akasema.

Mwajabu alikaa palepale kwenye maji, na nguo zake, akalia kwa sauti. Bi Fatu hakumwambia nyamaza. Warda aliliweka lile suke mfukoni. Alipokuwa akiondoka alisema ataandika alichokiona, hataongeza wala hatapunguza, na kwamba asingependa kutuahidi. Mimi nilimheshimu kwa kutoahidi. Mwajabu hakulala.

Transfoma ilikuja kutengenezwa wiki ile ile, taa zikarudi kwa nyumba zisizo na watu. Hapo ndipo wasiwasi wa shemeji yangu ulipokuwa ugonjwa wa kweli. Mwanzo alikuwa na hofu ya mashine yake, sasa akawa na hofu ya mashamba ya watu. Wakati wa mavuno alikwenda kumsaidia Bi Fatu kukata kile kidogo kilichobaki. Walimaliza kabla jua halijawa kali, na mavuno yenyewe yalikaa kwenye kipakacha. Alimwambia atamlipa. Bi Fatu alimjibu, "Mimi sikuja kwako kibarua." Mwajabu alirudi kwangu akanisimulia neno hilo, kisha akanisimulia tena, kama ambaye hajalisema.

Madalali walipoleta boti, Saadi na wengine waliuza nusu na kuiweka nusu ndani, kwa tumaini la laini. Hawakumlaumu Mwajabu. Nadhani angependa wamlaumu. Kila asubuhi alisimama bandarini akitazama kama kuna boti yenye nyaya, na kila jioni aliniuliza, "Wasipokuja je, shemeji? Mpunga ukiliwa na panya humo ndani?" Nilimjibu kwa ukali kwa sababu mimi pia nilikuwa na magunia yangu, na panya nilikuwa nawasikia.

Nyaya zilikuja. Sitasema kama ni kwa sababu ya alichoandika Warda au ni awamu tu imefika, sijui. Waliongeza waya kwenye nguzo zilezile, wakapandisha transfoma kubwa, fundi wao akaiunganisha mota na kutuonyesha swichi. Kijiji kizima kilikuwa kimeshatoka madunguni. Salima alirudi na sufuria lake la chai. Foleni ya magunia ilitoka mlangoni ikapita kwangu, na watu waliusogelea ukuta wa banda kama wanaosubiri bwana harusi.

Mwajabu aliswali rakaa mbili kwanza, kisha akabonyeza. Mota haikukohoa wala kutoa moshi. Ilivuma tu, mashine ikazunguka, na watu wakacheka kwa furaha kwa sababu iliwezekana kusikiana. Mwajabu akasimama mlangoni pale pa mumewe. Akaita kama ilivyoitwa miaka yote:

"Wa kwanza ni mwenye msiba! Bi Fatu!"

Nafikiri neno lilimtoka kwa mazoea kabla hajalifikiri. Watu wakageuka. Bi Fatu alikuwa nyuma kabisa ya foleni, amekuja kutazama kama wengine, na ungo wake mtupu umebanwa kwapani.

"Nikoboe nini, Mwajabu?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya samaki. Hakuna aliyesogea. Wa pili kwenye foleni alikuwa Saadi, gunia liko begani, lakini kwetu hakuna anayemtangulia mwenye msiba. Mashine ikaendelea kuzunguka, tupu, inatikisa chujio lisilo na kitu.

"Izime, shemeji," nikamwambia. "Umeme unaliwa bure."

Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. "Nikiizima isipowaka tena?"

Akatoka mbio, peku, akashika njia ya nyumbani kwake. Sisi tukabaki tunaitazama mashine. Nikamkumbuka yule bwana wa redioni mwenye sauti ya kushiba. Huko ofisini, nikawaza, mita inasoma. Kijiji kinatumia umeme wa njia tatu. Mwezi ukiisha watatuhesabu katika nchi inayokua.

Mwajabu alirudi na gunia kichwani, mpunga wa shamba lake mwenyewe, chakula chake cha mwaka. Saadi alitaka kumtua, akakataa. Alilishusha mwenyewe, akalifungua, akainua debe la kwanza juu ya mdomo wa mashine.

"Huu ni wako, Bi Fatu."

"Wangu waliula ndege."

"Na mimi ndiye niliyewaita," Mwajabu akasema.

Akamimina. Mlio wa mashine ukabadilika, ukawa mzito. Bi Fatu alimtazama. Kisha akapita katikati yetu, akauchomoa ungo kwapani, akaukinga.